Kuchagua riwaya kwa darasa ambalo wanafunzi hawalingani kusoma

Kwenye darasa moja la kidato cha kwanza, iwe Newala au Ruangwa, kusini mwa Tanzania, yupo anayemaliza riwaya kwa siku tatu na yupo anayesoma silabi moja moja. Ukiwapa kitabu kimoja, mmoja atachoka kusubiri, mwingine atajifunza kujificha nyuma ya mwenzake. Kwa hiyo kabla ya kwenda kabatini, wasikilize wakisoma.

Chukua riwaya tatu za uzito tofauti. Katika kila moja weka alama kipande cha maneno 100, katikati ya kitabu, maana sura ya kwanza huenda wameshaisikia. Mwite mwanafunzi pembeni, mbali na masikio ya wenzake, asome kwa sauti. Hesabu maneno anayokwama, anayoruka au anayosoma sivyo. Yasipozidi 5, kitabu hicho atakimudu peke yake. Kati ya 6 na 10, atahitaji mwenza au mwalimu. Yakizidi 10, mpe chepesi zaidi. Lafudhi usiihesabu: anayesema "kurara" palipoandikwa "kulala" amelisoma neno, ila ulimi wake ni wa nyumbani.

Kisha funga kitabu, umwambie asimulie: nani yumo, anataka nini, kwa nini anazuiwa? Hapa ndipo walimu wengi hudanganyika. Kiswahili hutamkwa kama kilivyoandikwa, hivyo mtoto anaweza kutiririka ukurasa mzima bila kuambulia kitu. Akishindwa kusimulia, kitabu ni kizito hata kama hakukosea neno. Kwa riwaya za Kiingereza anza na nyepesi zaidi, kwani wengi wametoka shule za msingi zilizofundisha kwa Kiswahili.

Unene wa kitabu usikupoteze. Kusadikika ya Shaaban Robert ni nyembamba, lakini ni fumbo kuhusu utawala, na lugha yake humlemea msomaji mchanga. Riwaya nene yenye mazungumzo mengi na sentensi fupi husomeka haraka kuliko hiyo. Angalia pia wahusika: majina zaidi ya matano katika sura ya kwanza humchanganya anayesuasua, na mbinu rejeshi, yaani hadithi inaporuka kurudi kwenye mambo yaliyopita, humpoteza kabisa.

Anayesoma kwa shida usimpe kitabu cha picha cha darasa la tatu. Ana miaka 14, atakificha chini ya dawati. Mtafutie riwaya fupi ya kurasa 40 hadi 80, yenye mhusika wa rika lake na sura za kurasa nne au tano. Sura fupi zinafaa hata kwa wengine, hasa msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, mahudhurio yanapoyumba.

Kwa wanafunzi 50, chagua riwaya nne zenye dhamira moja, mathalani urithi au kuhama nyumbani, ili siku ya mjadala wote wawe na la kusema. Wakisoma wawiliwawili, nakala 6 au 7 za kila riwaya zinatosha. Makundi yaite kwa jina la kitabu. Ukiyaita A, B, C, siku hiyohiyo watajua nani kaitwa mjinga.

Kila riwaya isome mwenyewe hadi mwisho kabla ya kuigawa. Maelezo ya mapenzi ambayo mzazi atakuja kuyalalamikia mara nyingi hayapo kwenye jalada. Baada ya sura mbili ruhusu kubadilishana, mara moja tu, na sababu iandikwe kwenye daftari la kuazimia.