Jina liko, lakini WHERE hailioni? Soma namba ya herufi

Jana nilitafuta Murang'a kwa WHERE, sehemu ya SQL inayochuja data, kwenye jedwali la wateja, haikurudi safu mlalo hata moja, na majina nayaona kwa macho yangu. Usibishane na macho, iulize hifadhidata namba ya alama unayoitilia shaka. Kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata:

SELECT mji, ascii(substr(mji, 7, 1)) FROM wateja WHERE mji LIKE 'Murang%';

Alama ya 7 ndiyo ritifaa ('). Ile ya kibodi ni 39. Yangu ilisoma 8217, ritifaa iliyopinda ambayo Word na baadhi ya simu huiweka zenyewe. Kwa macho ni pacha, kwa kompyuta hazijuani. Ng'ombe, Ng'ambo, zote zimo hatarini. Tiba:

UPDATE wateja SET mji = replace(mji, chr(8217), chr(39));

Ukiona ritifaa ziko sawa, pima mwisho wa neno kwa ascii(right(mji, 1)). Ikitoka 160, ni nafasi isiyokatika iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti, na trim() ya kawaida haiigusi.

Inapokwama: ascii() husoma alama ya kwanza tu, ndiyo maana nimetumia substr kuikata alama ya 7. Kwenye MySQL ni mbaya zaidi, husoma baiti ya kwanza tu, kwa hiyo ritifaa hiyohiyo ya UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi kwa baiti) inatoka 226, sawa na alama nyingine kibao. Huko tumia HEX() badala ya ascii(), huonyesha baiti zote, utapata E28099. SQL Server tumia UNICODE().