Namna ya kujua nani hasa anamwamuru askari aliye nje ya nchi

Tangu nistaafu jeshi nikajenga hapa Bombo, Uganda, vijana wa jirani huniuliza: afande, nchi ikiingia muungano wa kijeshi, si imeshauza uhuru wake? Huwajibu kwa karatasi na kalamu mbili, nyekundu na ya buluu. Nawe fanya hivyo.

Chora askari mmoja. Kwa kalamu nyekundu, vuta mstari hadi kwa anayempa kazi ya leo: linda daraja lile, sindikiza msafara huu. Katika muungano, huyo mara nyingi ni mgeni. Sasa shika ya buluu, uvute hadi kwa anayempandisha cheo na anayeweza kumwambia funga mzigo, rudi nyumbani. Uhuru wa nchi unakaa kwenye mstari huu.

Anza na NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini. Kamanda wake mkuu wa Ulaya ni Mmarekani tangu enzi za Jenerali Eisenhower, 1951, na wengi wakisikia hivyo hufunga mjadala. Usiufunge. Soma mkataba wa 1949, kifungu cha 5: mmoja akishambuliwa, kila mwenzake atachukua hatua anayoona yeye kuwa ni ya lazima. Pigia mstari hapo kwenye “anayoona yeye”. Kisha futa mstari mwekundu wa Ufaransa, kama rais wake de Gaulle alivyofanya 1966: aliyatoa majeshi yake katika amri ya pamoja, na makao makuu yakahamia Ubelgiji. Mkatabani hakutoka. Kwenye amri hiyo Ufaransa ilirudi 2009.

Kwetu, fungua Katiba ya 1995. Kifungu cha 98 kinamfanya Rais amiri jeshi mkuu. Cha 210 kinalipa Bunge kazi ya kutunga sheria za kupeleka askari nje. Hiki cha pili kisome mara mbili. Huniuma kuona watu wanabishana usiku kucha juu ya majenerali, na mbunge wao hawajamuuliza lolote.

Mwisho, jipime kwa Mogadishu ya 2007. Kamanda wa kwanza wa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, alikuwa Mganda mwenzetu, Meja Jenerali Levi Karuhanga. Warundi walipoanza kuwasili Desemba, mstari wao mwekundu ulifika kwake; wa buluu ulienda moja kwa moja Bujumbura. Juzi kijana mmoja, kwa fahari ya nyumbani, aliivuta yote miwili hadi kwa Karuhanga. Nikampa karatasi nyingine.