Namba ya nje kwenye CV

Ukiwa Mwanza unaomba kazi Dar, namba yako haikusemi: 07 na 06 hazitaji mkoa. Simu ya mezani ndiyo inayotaja, 028 kwa Mwanza, 022 kwa Dar.

Shida huanza ukivuka mpaka. Mkenya akiandika 0712 kwenye CV ya kazi ya Arusha, afisa ataipiga hivyohivyo, na kwa kuwa 0712 ipo Tanzania pia, atapokea mtu mwingine kabisa. Andika +254, toa ile sifuri, kisha tarakimu tisa: +254 712 na sita zilizobaki. Wengi huiacha sifuri palepale, namba haiiti.

Hata ikiandikwa sawa, simu nyingi za ofisini zimefungiwa kupiga nje, na mwenye orodha ndefu ya waombaji hatahangaika na vocha yake. Nunua laini ya huko mapema; Tanzania mgeni husajili kwa pasipoti na alama za vidole. Iweke ya kwanza kwenye CV, ile ya nyumbani ifuate, ukiandika “WhatsApp” pembeni. Usiibadilishe hadi majibu yatoke.