Namna ya kumtambua kauri wa pete mwambani

Chagua siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo. Huku kwetu kusini mwa Unguja siku hizo maji hupwa sana asubuhi, kiasi cha saa nne hadi saa tano, na mwamba unabaki mtupu hadi karibu na mawimbi ya nje. Shuka ukifuata maji yanavyotoka, na ukiona yameanza kurudi, rudi nayo. Vaa viatu vinavyofunika vidole, ndala hazifai.

Huna haja ya kwenda mbali. Kauri wa pete, konokono mdogo wa baharini ambaye wanasayansi humwita Monetaria annulus, hupenda vidimbwi vya maji ya kifundo cha mguu, penye mwani mfupi na vipande vya matumbawe yaliyokufa. Mchana mara nyingi hujibana chini ya mawe. Inua jiwe taratibu, tazama, kisha lilaze kama lilivyokuwa. Hili nalisisitiza kwa kila kijana ninayeshuka naye: viumbe vya chini ya jiwe havistahimili jua, na jiwe lililoachwa juu chini huua vya pande zote mbili.

Aliye hai huweza kuwa amejifunika ngozi nyembamba yenye vinyweleo. Ngozi hiyo ndiyo inayolijenga gamba na kulifanya ling'ae. Mguse kidogo kwa ncha ya kidole, ataikunja ndani kutoka pande zote mbili, na mgongo utajitokeza. Ukimkuta amekalia kitu cheupe au cha manjano kilichoganda mwambani, hayo ni mayai na huyo ni mama anayeyalinda. Mwache, usimbandue hata kwa picha.

Sasa tazama mgongo. Mstari wa dhahabu au wa rangi ya machungwa umezunguka eneo la kijivu linaloelekea buluu, na nje ya mstari rangi imefifia hadi nyeupe. Usitosheke na pete lakini. Kauri wa fedha, Monetaria moneta, anaishi humuhumu na mara nyingine naye ana pete nyembamba. Amua kwa umbo. Wa pete ni mviringo wa yai, laini kote. Wa fedha ana pembepembe na vinundu ubavuni, na mara nyingi ni wa manjano. Fumba macho umpapase, vidole vitakwambia.

Wanaowachanganya wengi ni wachanga. Gamba lao ni jepesi, mdomo (ule ufa wa upande wa tumbo) mpana na mkali, hawana meno kwenye kingo zake wala pete. Wakikomaa mdomo hujikunja ndani, meno huota, na hapo urefu husimama. Kinachoongezeka ni unene tu. Kwa hiyo usipime umri kwa ukubwa: wapo waliokomaa wakiwa na sentimita moja na nusu, na wengine wanakaribia tatu. Gamba lililosagwa na mchanga nalo hupoteza pete, na rangi ya zambarau ya ndani huibuka.

Ukitaka magamba matupu, tafuta pango la pweza. Hula kauri na kutupa magamba mlangoni, na wavuvi wetu humjua kwa taka hizo. Chungulia kila gamba kabla ya kulitia mfukoni. Ukiwa ndani ya hifadhi ya bahari kama Kisite au Watamu kule Kenya, hata tupu usichukue.

Walio hai nawaomba muwaache. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg walianza kusomba kauri wa pete kutoka Zanzibar kwenda Afrika Magharibi, ambako kauri wa fedha kutoka Maldivi walikuwa pesa ya sokoni tangu zamani. Walimwagwa wengi mno hata thamani ikaporomoka. Njia ya kuwasafisha ilikuwa kuwafukia mchangani mpaka nyama ioze. Leo wanauzwa kwa mikufu na mapambo, na mnyama anayekufa ni yuleyule.

Kumbukumbu ya picha inatosha. Mweke kwenye bakuli la maji ya bahari, rula pembeni, umpige picha mgongoni, tumboni na ubavuni. Mkinge jua kwa mwili wako. Kisha mrudishe kwenye kidimbwi chake, tumbo chini, pembeni mwa jiwe ulilomtoa, si juu yake.