Kishada cha msimu wa kusi

Kusi likishika, hasa Juni hadi Agosti, watoto wa pwani hutoka na vishada, na vingi huishia kwenye minazi. Mara nyingi kosa ni mkia. Kishada kikizunguka kama pia na kujibamiza chini, ongeza vipande vya kanga kuukuu kimoja kimoja mpaka kitulie. Kikiwa kizito hakipandi, punguza. Mkia uliokutosha wakati wa kaskazi hautoshi sasa.

Mbavu ziwe chelewa zilizokauka vizuri. Gazeti huchanika siku ya kwanza tu. Zamani tulikata mifuko ya plastiki, lakini tangu Tanzania iipige marufuku mwaka 2019, mimi hutumia karatasi ya mfuko wa saruji: kung'uta vumbi, tenganisha matabaka, chukua moja tu. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano, na uache ukauke usiku kucha (hapa ndipo watoto hushindwa kusubiri).

Rusheni ufukweni maji yakitoka, mbali kabisa na nyaya za umeme. Kikinasa kwenye nguzo, kiacheni. Na kabla ya kutoka, anua nguo kambani.