Kwenda Kitulo kwa kikundi msimu wa maua, jipangeni hivi

Wenye mpango wa kwenda Kitulo, ule uwanda wa juu wa maua ya porini kusini mwa Tanzania, maua yanaanza kama Novemba hadi Aprili, mi naipenda zaidi Februari maana okidi (maua ya porini yanayojulikana kwa Kiingereza kama orchid) zinakuwa zimechanua kweli, ila ndo msimu wa mvua huohuo kwa hiyo mkitokea Mbeya saa kumi na moja alfajiri gari iwe njiani, shikeni barabara ya Iringa mpaka Chimala afu kata kulia mpande zile kona kali za mlimani zinazoitwa Hamsini na Saba, kwa idadi yake, hadi kijiji cha Matamba. Hii ni hifadhi ya taifa tangu 2005, lipeni kiingilio na ombeni mtu wa kuwaongoza.

Kule juu ni kama mita 2,600, pumzi inakata hata kwa mtu wa mazoezi, so anayetembea polepole kuliko wote awekwe MBELE, sio nyuma. Nyuma kabisa akae mtu mzoefu na yeye asipitwe na yeyote. Nasisitiza hili maana siku moja ukungu ulitushukia ghafla, dada mmoja alikuwa amebaki anafunga kamba za viatu, tulimtafuta karibu saa zima na mtandao haushiki. Siku hizi kila mtu kwetu anavaa filimbi shingoni.

Tembeeni mstari mmoja kwenye njia hata kama ina tope, tafadhali sana. Mkitanuka watu kumi kila mmoja anatafuta pakavu mnakanyaga maua mliyoyafuata. Na msichume wala kung'oa, okidi za pale zina viazi chini ya udongo ambavyo watu wamevichimba miaka mingi vikavushwe Zambia kupikwa chikanda, chakula cha huko kinachotengenezwa na viazi hivyo, kiazi kikitoka ua hilo ndo basi tena. Zipo aina kama 45 za okidi, wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu na ukifika utaelewa.

Nguo: sweta, koti la mvua, soksi za akiba. Jinzi acheni, ikilowa haikauki na baridi inaingia mifupani. Chai ya tangawizi kwenye chupa, viazi vya kuchemsha, karanga, inatosha.

Mkisikia radi shukeni kutoka kileleni haraka, uwanda ule hauna miti na wewe ndo unakuwa mrefu kuliko vyote, achianeni nafasi, chuchumaeni, msirundikane chini ya mwavuli. Saa saba mchana muwe mmeshageuza.