Sera ya ufikiaji huria wa makala za wahadhiri: anza na haki

Mimi ni mkutubi, na kazi yangu ya kila siku ni kutunza hazina ya kidijitali ya chuo, ambamo makala za wahadhiri huwekwa ili yeyote mwenye intaneti azisome bure. Ukikabidhiwa kuandika sera ya ufikiaji huria, usianze na mitambo. Programu zipo; DSpace, programu ya kuendeshea hazina kama hii, inapatikana bure tangu 2002. Kinachokwamisha ni hakimiliki.

Mhadhiri akishasaini fomu ya mchapishaji na kukabidhi haki zote, kazi yake imeondoka mikononi mwake, na maktaba ya chuo kilichomlipa mshahara inalazimika kulipia kuisoma. Inaniuma kila ninapoliona hili. Kwa hiyo sera iiwahi saini hiyo. Mwezi Februari 2008, wahadhiri wa Kitivo cha Sanaa na Sayansi cha Harvard walipiga kura kwa kauli moja kukipa chuo ruhusa juu ya makala zao za baadaye. Chuo cha MIT, pia cha Marekani, kikafuata 2009.

Kifungu chenyewe kiwe kifupi, kitamke ruhusa hapohapo: “Kila mhadhiri anakipa chuo ruhusa isiyo ya kipekee ya kuhifadhi na kusambaza makala zake za kitaaluma, bila kuziuza kwa faida.” “Isiyo ya kipekee” maana yake mwandishi bado anaweza kuwapa wengine ruhusa hiyo. Andika “anakipa”, usiandike “atahimizwa kukipa”. Himizo halimfungi mtu, na makala hazitaingia. Mwanasheria wa chuo akipitie kabla hakijafika seneti.

Wapo watakaouliza: jarida likikataa je? Weka mlango wa kutokea. Mhadhiri akiomba makala fulani isihusishwe na ruhusa hiyo, akubaliwe bila kuhojiwa. Mlango huu ndio unaotuliza mkutano, maana uhuru wa kuchagua jarida unabaki kwa mwandishi. Hata hivyo, nakala iletwe hazinani ifungwe, taarifa zake, kama kichwa na jina la mwandishi, zionekane.

Sasa nakala ipi? Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Majarida mengi hayaruhusu faili lao lililopangwa kurasa, lenye nembo na namba za kurasa. Unalotaka ni toleo lililokubaliwa: lile ambalo mwandishi amekwisha kulirekebisha kwa maoni ya wapitiaji, bado likiwa kwenye faili lake mwenyewe. Miezi sita baadaye hatalipata. Litakuwa limepotea kati ya rasimu zenye majina yanayofanana. Kwa hiyo sera itaje siku ya kukubaliwa. Barua pepe ya mhariri ikifika, mhadhiri aitume maktaba pamoja na faili, basi. Kujaza taarifa na kukagua masharti ya jarida kwenye Open Policy Finder (zamani Sherpa Romeo), tovuti inayoorodhesha masharti hayo, ni kazi yetu wakutubi. Jarida likitaka zuio la muda, yaani makala isisomwe bure hadi muda fulani upite, tunaweka tarehe na mtambo unafungua wenyewe.

Kuhusu utekelezaji, msimamo wangu ni huu: ifungamanishe sera na kupandishwa vyeo. Chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, kiliamua kwamba tathmini ya mhadhiri itazingatia machapisho yaliyomo hazinani tu, na hazina ikajaa. Kamati ya vyeo ichukue orodha moja kwa moja kutoka hazinani. Mwombaji asiambatishe nyingine.

Mwisho, taja kwenye sera idara itakayojibu maswali, na tarehe ya seneti kuipitia upya.